Barua ya Wazi kwa Bodi ya KBC: Kabla ya Nembo Nyingine

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Bodi,
Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC),
Jengo la Utangazaji, Barabara ya Harry Thuku,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Voi juu ya fedha zinazotumika kila runinga ya taifa inapovikwa sura mpya. Nazungumzia nembo, rangi, muziki wa kufungulia taarifa ya habari, picha fupi zinazopita kati ya kipindi na kipindi, meza na kuta za studio, na maandishi yanayotambaa chini ya kioo. Ombi langu nalitaja mapema ili msihangaike kulitafuta: msipitishe sura nyingine mpya ya KBC kabla ya kuhakikisha kwamba matangazo yenu yanafika vizuri katika mabonde ya Taita na nyanda za Taveta, na siku mtakapoipitisha, wekeni hesabu yake yote mbele ya umma. Sina ugomvi na wachoraji wala mafundi wa studio. Kazi yao ni ya ustadi na wanastahili kulipwa. Ninachopinga ni utaratibu wa kutanguliza kinachopendeza macho Nairobi, huku kinachohitajika Kasigau, Mghange na Sagalla kikisubiri bajeti ya mwaka ujao.

Historia yenu wenyewe ndiyo shahidi wangu wa kwanza. Shirika lilianza kwa jina la KBC mwaka 1961, na mwaka uliofuata runinga ikaingia hewani kwa mtambo uliowekwa katika nyumba ya shambani kule Limuru, ukifika kiasi cha maili 15 tu. Mwaka 1964 serikali ya uhuru ikalitaifisha na kuliita Sauti ya Kenya, VoK. Mwaka 1970 kituo cha runinga kikafunguliwa Mombasa, na mwaka 1989 jina la KBC likarudi kwa sheria iliyoitoa VoK katika idara ya wizara na kuifanya shirika. Kila badiliko hapo lilikuwa na sababu ambayo mkulima wa Wundanyi angeielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1964 jina lilibadilika kwa kuwa mwenye kituo alibadilika. Mwaka 1989 lilibadilika kwa kuwa hadhi yake kisheria ilibadilika. Na hata hivyo wazee wengi hawakuacha kuiita VoK, kwa sababu jina hukaa mdomoni mwa watu kwa muda wanaoutaka wao. Mwaka huohuo wa 1989 shirika lilichukua mkopo wa Japani kwa dhamana ya serikali, mkopo wa kuboresha mitambo, na deni hilo likaliandama kwa zaidi ya miaka 30, likijirudia katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Jina lilibadilishwa kwa kalamu. Kilicholetea taifa mzigo ni mitambo. Shirika lililobeba mzigo wa aina hiyo lina wajibu wa kueleza kila shilingi inayokwenda kwenye pambo badala ya kwenda kwenye mnara.

Shahidi wangu wa pili ni mwaka 2021, mliporudi kwa watazamaji na studio mpya, mwonekano mpya na watangazaji wapya pamoja na wakongwe. Alirudi Catherine Kasavuli, mwanamke ambaye nchi nzima ilimjua tangu enzi za VoK na baadaye stesheni ya binafsi ya KTN ilipoanza mwaka 1990. Kilichowagusa watazamaji kilikuwa sauti ile na utulivu ule. Alipofariki mwishoni mwa mwaka 2022, aliyeombolezwa ni mtu, na hakuna aliyetaja rangi ya ukuta uliokuwa nyuma yake. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kilichowahi kuwapatia KBC mapenzi ya watu. Vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vilijaza sebule za watu tangu zama za VoK, kwa picha zenye chenga na mandhari ya studio ambayo leo mchoraji yeyote angeyacheka. Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? redioni mwaka 1966 akakiendesha kwa zaidi ya nusu karne, na sauti yake ilikuwa nembo tosha. Ilitambulika kabla hajataja jina la stesheni. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nembo nzuri inaweza kumleta mtazamaji mara moja. Kipindi kizuri humleta kila wiki, na humfanya amwite jirani.

Sasa tuitazame gharama yenyewe, kwa maana hapa ndipo watu wengi hukosea wanapolalamika. Mlalamishi wa kawaida huuliza mchoraji alilipwa kiasi gani, kisha hushangaa kwamba mchoro wa herufi tatu umegharimu fedha nyingi. Lakini malipo ya mchoraji mara nyingi ni sehemu ndogo. Nembo ikibadilika, lazima ibadilike kwenye kila kiboksi kinachovikwa kipaza sauti, kila gari la matangazo, kila kibao cha ofisi za mikoani, karatasi za barua, kadi za wafanyakazi, fulana, miavuli, tovuti na kurasa za mitandao. Vipindi vyote vinavyoendelea hutengenezewa utangulizi mpya. Muziki mpya hutungwa na kurekodiwa. Meza ya zamani ya studio hung'olewa, taa hupangwa upya, kamera hupimwa upya. Kisha huja matangazo ya kuwaambia watu kwamba sura imebadilika, na hafla ya uzinduzi yenye mahema, chakula na posho. Kwa hiyo takwimu ya malipo ya mchoraji peke yake haimwambii mwananchi kitu. Anayetaka ukweli lazima ajumlishe yote hayo, halafu agawanye kwa idadi ya miaka ambayo sura hiyo itatumika.

Kugawanya huko kwa miaka ndiko kunakotenganisha ubadhirifu na matumizi ya busara. Chukueni BBC ya Uingereza, shirika la umma kama lenu, linaloendeshwa kwa ada ya leseni. Mwaka 2006 BBC One ilianzisha filamu fupi za utambulisho zenye mduara, na gharama iliyotangazwa ilikuwa pauni milioni 1.2. Ni fedha nyingi kwa filamu za sekunde chache. Lakini zilitumika hadi Desemba 2016, kwa muda wa miaka 10; kila mwaka ulibeba kiasi cha pauni 120,000. Mtu anaweza kubishana juu ya uzuri wake, ila hawezi kusema zilitupwa. Zingeondolewa baada ya miaka miwili, kila mwaka ungebeba pauni 600,000, na hiyo ingekuwa hesabu nyingine kabisa. Shirika la umma linalobadili sura kila mara uongozi unapobadilika hulipa bei hiyo ya pili, na kwa kawaida hakuna anayeiandika popote.

Mfano huo wa BBC una jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja sisi wa huku. Kabla ya miduara hiyo, tangu 1997 hadi 2002, BBC One ilijitambulisha kwa puto kubwa la hewa moto lililopakwa rangi kama dunia, likapeperushwa juu ya miji, pwani na milima ya Uingereza na kupigwa picha huko huko. Mtu wa mkoani aliwasha runinga akaona nyumbani kwake. Gharama ya puto ilikuwa gharama ya kuwaendea watu. Katika miduara ya 2006 mojawapo ya filamu ilionyesha viboko wakiogelea kwa mzunguko. Kwetu viboko wako Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kwenye chemchemi ambayo Mombasa inakunywa maji yake. Tuna Ziwa Jipe na Ziwa Chala kwenye mpaka wa Tanzania, mashamba ya mkonge ya Mwatate yaliyopangwa safu kwa safu hadi macho yachoke, mwamba wa Kasigau unaosimama peke yake nyikani, na reli mbili zinazopita Voi, ile ya zamani na ile ya kisasa. Ikiwa ni lazima fedha zitumike kwa picha za sekunde 10, basi zitumike kuileta kamera huku, na Turkana, na Lamu, na Busia, na zilipwe kwa vijana wa huko huko wanaojua kushika kamera. Picha inayozungushwa kwa kompyuta katika chumba kimoja Nairobi, yenye maumbo yanayong'aa yasiyo ya mahali popote, haiwezi kumwambia mtu wa Taveta kwamba stesheni hii ni yake.

Lakini hata picha ya Kasigau haina maana kwa mtu wa Kasigau kama haimfikii. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama, na nawaomba mnivumilie nieleze jiografia kidogo. Kaunti ya Taita Taveta ina kilomita za mraba zipatazo 17,000, na zaidi ya nusu ya ardhi hiyo ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671. Watu hao hawakukaa pamoja. Wametawanyika kuzunguka mbuga, kwenye miteremko ya milima ya Taita, juu ya Sagalla, chini ya Kasigau, na upande wa pili kabisa kule Taveta karibu na Holili. Mlima wa Vuria una urefu wa zaidi ya mita 2,200 na umebeba minara ya matangazo. Ukiwa kileleni unaona mbali mno. Lakini mawimbi ya runinga husafiri kwa kunyooka. Kilele kinachosaidia upande mmoja hutupa kivuli upande wa pili, na bonde lililo nyuma ya kilima kingine hubaki gizani hata kama liko karibu na mnara kuliko mji wa Voi. Kwa sababu hiyo kaunti ya aina hii haihudumiwi na mnara mmoja mkubwa. Inahitaji mitambo midogo ya kupokezana, kila mmoja ukiwa na umeme, uzio, mlinzi na fundi wa kuufikia mvua inapokata barabara.

Kuhamia dijitali kumeufanya ufa huo uonekane zaidi. Enzi za analojia mtu aliyekuwa kivulini aliona chenga, lakini alisikia taarifa na alitambua sura. Dijitali haina nusu nusu. Mawimbi yakipungua kidogo, picha hukatika vipande vya mraba, mdomo wa mtangazaji hubaki wazi, sauti hukwaruza, kisha kioo huwa cheusi na ujumbe wa kukosa mawimbi hujitokeza. Fikirieni hoteli ya kawaida karibu na stendi ya Voi, runinga imefungwa ukutani juu ya friji ya soda, wasafiri wa Taveta wanasubiri gari huku wakinywa chai. Taarifa ya saa moja ikikatika mara ya pili, mwenye hoteli hanyanyuki kupanda juu ya paa kugeuza antena. Anabonyeza rimoti. Mwaka 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa na stesheni kubwa za binafsi zikakaa nje ya hewa kwa siku 19 katika mvutano wao na Mamlaka ya Mawasiliano, swali lililoulizwa majumbani lilikuwa king'amuzi ni bei gani na kitashika stesheni zipi. Hakuna aliyeuliza stesheni ina rangi gani. Na msisahau kwamba Signet, kampuni iliyokabidhiwa usambazaji wa mawimbi ya dijitali tangu 2009, ni ya kwenu. Stesheni ya binafsi inaweza kusema mnara si wake. KBC haiwezi.

Najua majibu mtakayonipa, na mengine yana uzito. La kwanza ni vijana. Mtasema kizazi cha simu hakitazami kitu chenye sura ya kale, na kwamba bila mwonekano wa kisasa shirika litazeeka pamoja na watazamaji wake. Ni kweli kwamba sura mbovu hufukuza watu. Maandishi yasiyosomeka na picha zilizofifia ni dharau kwa mtazamaji. Lakini nyinyi wenyewe mlipotaka vijana mlianzisha Y254, chaneli yenye vipindi vyao na lugha yao. Mlijua kwamba kijana hufuata kilichomo. Kombe la Dunia la 2022 lilipoonyeshwa bure kupitia KBC, kijana aliyekuwa na antena ya shilingi chache alitazama mpira wa Qatar bila kujali nembo iliyokuwa pembeni, mradi picha isikatike wakati wa penalti. Mkitaka kijana wa Mwatate abaki, mpeni mpira, mpeni muziki, mpeni tamthilia iliyoandikwa na mtu wa rika lake, na mfikishieni bila kukwama.

La pili ni watangazaji wa biashara. Inasemekana kampuni hazipeleki matangazo kwenye stesheni inayoonekana imechoka. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Kampuni hununua macho ya watu, na macho yaliyoko kivulini mwa Vuria hayauziki kwa sababu hayaioni stesheni. Mtambo mdogo wa kupokezana huongeza watazamaji wapya kabisa. Nembo mpya hujaribu kuwavuta walewale walioko tayari kwenye mawimbi, ambao stesheni nyingine zote za Nairobi zinawavuta pia.

La tatu ni la wahasibu: kwamba fedha za mwonekano hutoka fungu moja na fedha za minara fungu jingine, na kwamba haziwezi kuchanganywa. Kwenye vitabu ni sawa. Kwa mlipa kodi wa Voi mfuko ni mmoja. Na aliyegawa mafungu ni Bodi, wizara na Bunge, si maumbile.

Wapo pia watakaosema kwamba kelele juu ya nembo hudumu wiki moja na kupita. Hapa nakubaliana nao kabisa. Nembo ya Olimpiki ya London ilipozinduliwa mwaka 2007 kwa pauni 400,000, makumi ya maelfu ya watu walitia saini ombi la kuifuta. Ilibaki, na michezo ya 2012 ilipofika watu walishangilia wanariadha. Kwa hiyo sitaki mpime sura ya KBC kwa matusi au sifa za siku ya uzinduzi. Kama wiki ya kwanza haina uzito kwa lawama, haina uzito kwa pongezi pia, na uongozi usiitumie kama ushahidi kwamba fedha zilitumika vizuri. Pimeni kwa muda ambao sura itadumu na kwa idadi ya nyumba zinazoweza kuiona.

Kisha kuna jibu ambalo halisemwi kwa sauti, nalo ni kwamba watu 340,671 ni wachache kugharimiwa minara. Hilo nalikataa. Ibara ya 34 ya Katiba inavitaka vyombo vya habari vya serikali viwe huru, visiegemee upande wowote na vitoe nafasi kwa maoni tofauti. Maoni ya mtu ambaye hana njia ya kukusikia hayana nafasi yoyote. Stesheni ya binafsi ina haki ya kuhesabu faida na kuacha bonde lisilolipa. Ndiyo maana taifa likawa na stesheni yake, ili bonde hilo lisiachwe. Vivuli vya milima vya namna hii havipo Taita peke yake; viko Pokot Magharibi, Elgeyo, Samburu na Meru. Mkilipatia ufumbuzi suala la Taita Taveta mtakuwa na mfano wa kutumia kwingine.

Nawaomba mfanye yafuatayo, na yote yako ndani ya uwezo wenu. Chapisheni ramani ya mahali matangazo yenu yanapofika katika kaunti hii, kata kwa kata, iliyopimwa na mafundi uwanjani na si kwa kukisia mezani. Iambatane na tarehe za kuziba mapengo. Chapisheni hesabu nzima ya mabadiliko ya 2021, kuanzia mchoro hadi hafla. Ibara ya 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kuidai, lakini ni heshima kwenu mkiitoa bila kudaiwa. Pitisheni kanuni kwamba sura iliyopo haitabadilishwa kabla ya miaka 10 kwisha, awe nani anayeongoza shirika. Na itakapofika zamu ya kubadilisha, fungueni zabuni kwa wachoraji na wapiga picha wa kaunti zote, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, na muwalipe kama mnavyowalipa wa Nairobi.

Bajeti ijayo ya shirika ikiwa na fungu la mwonekano lakini haina fungu la mitambo ya kupokezana ya Taita Taveta, nawaomba mlikatae fungu hilo la kwanza mezani, kwa kura, na muandike sababu kwenye kumbukumbu za kikao.

Ni mimi mtazamaji wenu,
Voi, Kaunti ya Taita Taveta.